Kompyuta ya Linux ikikataa nywila, usikimbilie kuifomati

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama wauza samaki alinijia asubuhi na kompyuta iliyofungwa kwa leso, imeletwa na tuktuk kutoka upande wa pili wa mji. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mikopo za miaka mitatu: nani ameweka, nani amekopa, nani bado anadaiwa. "Nywila imekataa," akasema. Fundi wa kwanza aliyemwendea alikuwa ameshatoa hukumu: shilingi 1,500, tunafomati, unaanza upya. Bahati njema, siku ile mama huyo hakuwa na hizo pesa.

Nywila haikuwa imekataa. Tuliiandika, mashine ikaipokea, skrini ikawa nyeusi kwa sekunde mbili, kisha ikarudi palepale pa kuingilia. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Tulifuta nakala tatu za video moja ya harusi, tukaiwasha tena, na hesabu zote zikaonekana kama zilivyoachwa.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenye mashine kama ile: shule, maktaba, ofisi za vikundi na vituo vya vijana vinavyotumia Ubuntu, Linux Mint au Debian kwa kuwa ni mifumo ya bure na inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta za mtumba. (Ubuntu, lililotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika. Ni lilelile letu la "utu".) Mtu akisema "nywila imekataa" ni kama mgonjwa akisema "nina homa." Hajakuambia kama ni malaria au mafua. Kufomati ni kumkata mguu mwenye homa.

Soma skrini kwanza

Maneno yanayotokea baada ya kubonyeza Enter yana maana, hata kama yanakuja kwa Kiingereza na kupotea haraka. Piga picha kwa simu kama hukuwahi kuyasoma.

Ukiona "Login incorrect", jina na nywila havikulingana. Mashine haisemi ni kipi kati ya viwili kilichokosewa, na hufanya hivyo makusudi ili mwizi asijue kama jina alilobahatisha lipo au halipo. Kwa hiyo angalia jina pia. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: Zainabu si zainabu, na majina karibu yote ya watumiaji huandikwa kwa herufi ndogo tupu.

Ukiona "Your account has expired", nywila yako ni sahihi kabisa. Ni akaunti iliyopitwa na tarehe yake. Ukiona "This account is currently not available", akaunti ipo na nywila imekubaliwa, lakini kuna mtu aliyeifunga kwa njia nyingine. Na kama huoni neno lolote, skrini inapepesa tu na kukurudisha ulikotoka, basi una ugonjwa wa yule katibu.

Halafu kuna jambo linalowatisha wengi wanaoanza kutumia terminali. Unapoandika nywila pale, mara nyingi hakuna kinachoonekana. Si nyota, si nukta. Watu hudhani kibodi imekufa, wakabonyeza tena na tena, kisha wakalaumu nywila. Andika tu kama kawaida, ubonyeze Enter.

Kibodi za mtumba

Nimeona nywila nyingi zikisingiziwa makosa ya kibodi. Caps Lock kila mtu anaijua. Num Lock inasahaulika: ukitumia namba za upande wa kulia na taa yake imezimwa, hakuna namba hata moja inayoingia.

Kubwa zaidi ni mpangilio wa kibodi. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zimetumika Ulaya. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zinafanana kwa macho, lakini alama @ na alama ya kufungua usemi zimebadilishana nafasi. Kwa Marekani, @ iko juu ya 2. Kwa Uingereza, hapo juu ya 2 pana alama ya usemi. Mtu akiweka nywila pwani@2020 mfumo ukiwa umepangwa kwa njia moja, kisha mwingine akabadilisha mpangilio, nywila ileile kwa vidole vilevile itakataliwa. Ikija mashine ya Ufaransa ndiyo balaa, kwa sababu A na Q zimehama, na namba zinahitaji kushikilia Shift.

Dawa ni rahisi. Kwenye skrini nyingi za kuingilia kuna alama ya jicho pembeni ya nafasi ya nywila. Ibonyeze uone unachoandika hasa, baada ya kuhakikisha hakuna anayechungulia begani. Pembeni ya skrini pia kuna alama ya lugha ya kibodi, kama "en" au "gb". Usijaribu kuandika nywila mahali pa jina ili uione. Mfumo huweza kuliandika jina lililokosewa kwenye kumbukumbu zake, na hapo nywila yako itakuwa imehifadhiwa wazi.

Inakubali, kisha inakutupa nje

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Skrini ya maandishi matupu itafunguka na kuuliza jina na nywila. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili: ukiingia hapa, nywila yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye upande wa picha au kwenye folda yako. Ukikataliwa hapa pia, ruka sehemu hii usome inayofuata.

Ukishaingia, angalia nafasi:

df -h

Tazama mstari unaoishia na alama / na, kama upo, ule wa /home. Ukiona 100%, umempata mwizi. Mashine huwaka vizuri hata diski ikiwa imejaa kwa sababu kwa kawaida diski yenye mfumo wa faili wa ext4 hutengewa asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, yule anayeitwa root. Yeye anapumua, wewe umebanwa. Mazingira ya picha yanataka kuandika faili ndogo kwenye folda yako kabla hayajafunguka, na yakikosa mahali pa kuandika yanajifunga.

Hizi mbili hufungua nafasi bila kugusa kazi ya mtu:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Ya kwanza inafuta nakala za vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, ya pili inapunguza kumbukumbu za mfumo. Kisha andika du -sh ~/* uone ni folda ipi iliyonenepa. Usifute chochote cha mtu bila kumuuliza. Video ya harusi kwako ni takataka, kwa mwenyewe ni harusi.

Kama nafasi ipo, angalia nani anamiliki faili zako:

ls -la ~

Kila mstari unaonyesha mwenye faili. Ukiona faili zako, hasa ile iitwayo .Xauthority, zimeandikwa root badala ya jina lako, mtu alifungua programu ya picha kwa kutumia sudo, na programu hiyo ikaacha faili kwa jina la mkuu. Sasa mfumo unakukataza kugusa kitu kilicho ndani ya nyumba yako mwenyewe. Rudisha umiliki, ukiweka jina lako mahali pa zainabu:

sudo chown -R zainabu:zainabu /home/zainabu

Angalia sana ulichoandika kabla ya Enter. Ukikosea ukaandika / peke yake badala ya /home/zainabu, utakuwa umempa Zainabu mfumo mzima, na hapo hata mimi nitakushauri uanze upya. Ukimaliza, andika exit, kisha Ctrl, Alt na F1 au F2 ikurudishe kwenye picha.

Nywila inakaa wapi

Inafaa kulijua hili, kwa sababu linajibu swali ninaloulizwa kila mara: "Huwezi kuniangalizia nywila yangu ya zamani ilikuwa gani?" Siwezi. Hakuna awezaye.

Majina ya watumiaji yako kwenye faili iitwayo /etc/passwd. Licha ya jina lake, nywila hazimo humo. Kila mstari ni mtu mmoja, una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili: jina, alama x mahali ilipokuwa nywila zamani, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, folda yake, na mwisho programu inayomfungulia mlango, yaani sheli. Nywila zilihamishiwa /etc/shadow, faili ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuisoma.

Na hata humo hazimo kama zilivyo. Zimesagwa. Fikiria nazi iliyokunwa: ukipewa machicha huwezi kuyarudisha kifuuni yakawa nazi. Unapoingia, mashine inaikuna nywila uliyoandika na kulinganisha machicha na machicha. Kabla ya kukuna inatia punje za bahati nasibu, ambazo wataalamu wenyewe wanaziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na machicha yanayofanana. Njia pekee ya mwizi ni kukuna nazi moja baada ya nyingine mpaka apate inayolingana. Inawezekana, kama nywila ni dhaifu au njia ya kukuna ni ya kizamani. Mwaka 2019 watu walifaulu kuipata nywila ya Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, kutoka faili ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa hatua ya mchezo wa sataranji.

Kwa hiyo nywila iliyosahaulika haitafutwi. Inawekwa mpya.

Imekataa kweli

Hapa unahitaji mtu mwingine mwenye akaunti inayoruhusiwa kutumia sudo kwenye mashine hiyohiyo. Aanze na hii:

sudo passwd -S zainabu

Jibu litafanana na hili:

zainabu L 2024-03-11 0 99999 7 -1

Herufi inayofuata jina ndiyo habari yenyewe. P ni nywila ipo na iko sawa. L ni imefungwa. NP ni hakuna nywila kabisa. (Kwenye Fedora na jamaa zake unaweza kuona PS na LK badala yake.) Tarehe ni siku nywila ilipobadilishwa mara ya mwisho, na hiyo 99999 ni idadi ya siku ambazo nywila inaruhusiwa kuishi: zaidi ya miaka 270, yaani milele.

Ukiona L, fungua kwa sudo passwd -u zainabu. Lakini uliza kwanza nani aliyefunga na kwa nini. Akaunti haijifungi yenyewe kwa namna hii.

Ukiona P lakini mtu bado haingii, angalia tarehe:

sudo chage -l zainabu

Itakuambia nywila inaisha lini na akaunti inaisha lini. Vituo vingi huwafungulia wanafunzi wa mafunzo ya muda akaunti yenye tarehe ya mwisho, kisha mmoja wao akaajiriwa na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Amri ya kuiondoa ni sudo chage -E -1 zainabu.

Mashine nyingine zimewekewa ulinzi uitwao faillock. Huo, usipobadilishwa, humfungia mtu aliyekosea mara 3 ndani ya dakika 15, na kumweka nje kwa dakika 10. Ubaya wake ni kwamba ukiwa umefungiwa hata nywila sahihi inakataliwa. Mtu anakosea mara tatu, anaikumbuka ile ya kweli, anaiandika, inakataa, anaamini kwamba siyo. Anaanza kujaribu za mwaka juzi. Kama unashuku hivyo, kanywe chai dakika 10 urudi, au mwenye sudo aandike:

sudo faillock --user zainabu --reset

Lililobaki ni ile sehemu ya saba ya mstari wa /etc/passwd. Andika getent passwd zainabu. Kama mwishoni pameandikwa /usr/sbin/nologin au /bin/false, mlango umejengewa ukuta. Rudisha mlango kwa sudo usermod -s /bin/bash zainabu. Na kama getent haikujibu kitu, akaunti haipo. Jina ni lingine, au ilifutwa.

Ukikwama kabisa, kumbukumbu za mfumo zinasema zaidi kuliko skrini ya kuingilia. Kwenye Ubuntu nyingi ziko /var/log/auth.log, kwenye Debian mpya tumia sudo journalctl -b na utafute jina la mtumiaji. Jaribu kuingia, ukosee, kisha soma mistari ya mwisho.

Kwa wanaoingia kwenye seva kutoka mbali kwa ssh, neno moja tu: ukiona "Permission denied (publickey)", seva hiyo haitaki nywila yoyote. Inataka faili ya ufunguo. Kubadilisha nywila mara kumi hakutasaidia.

Umesahau, na hakuna mwingine wa kufungua

Kabla ya hatua hizi, jambo la sheria. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa. Fundi anayeletewa kipakatalishi na kijana asiyejua hata jina la akaunti iliyomo anapaswa kujiuliza kilitoka wapi. Mashine ikiwa ya kikundi, mwenyekiti au katibu awepo, na iandikwe.

Zima mashine, iwashe, na mara tu inapoanza kuwaka shikilia Shift ikiwa ni ya zamani, au bonyeza Esc mara moja ikiwa ya kisasa. Unatafuta menyu ya GRUB, orodha fupi ya maandishi. Ukibonyeza Esc mara nyingi kwa pupa utajikuta kwenye grub> bila orodha; zima, anza tena, polepole. Chagua "Advanced options", kisha mstari wenye maneno "recovery mode". Subiri. Itakuja menyu nyingine; chagua "root", ubonyeze Enter. Sasa wewe ndiye mtumiaji mkuu.

Kwanza fungua diski iweze kuandikwa, kwa sababu mara nyingi hapa inasomeka tu:

mount -o remount,rw /

Wanaoruka hatua hii hukutana na ujumbe "Authentication token manipulation error" wakadhani nywila mpya ni mbaya. Siyo. Umeambiwa uandike kwenye daftari lililofungwa.

Kama hujui jina la akaunti, andika ls /home. Kisha:

passwd zainabu

Andika nywila mpya mara mbili, bila kuona kitu. Ukimaliza, andika reboot. Kwenye Ubuntu kazi nzima haizidi dakika tano, na hakuna faili hata moja iliyoguswa isipokuwa ile ya nywila.

Debian inaweza kukataa ikisema akaunti ya root imefungwa. Hapo, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, badilisha ro iwe rw, na mwishoni mwa mstari ongeza init=/bin/bash. Bonyeza Ctrl na X. Ukishabadilisha nywila andika sync, kisha zima na uwashe mashine kwa kitufe chake. Kwenye jamaa za Fedora njia ni hiyohiyo, ila kabla ya kuzima andika touch /.autorelabel, la sivyo ulinzi wao wa SELinux unaweza kuikataa faili uliyoibadilisha.

Baada ya kuingia na nywila mpya, usishtuke mashine ikikuuliza nywila ya "login keyring". Hilo ni kasha la nywila zilizohifadhiwa, kama za Wi-Fi au za Chrome, na bado limefungwa kwa nywila ya zamani. Ukiikumbuka baadaye, liko palepale. Usipoikumbuka, utalazimika kuanza kasha jipya na kuziandika upya nywila zilizokuwamo. Hesabu zako, picha na barua hazimo humo.

Bila shaka umeshajiuliza: kama ni rahisi hivi, si yeyote anaweza? Ndiyo. Mwenye kuishika mashine mikononi anaweza kuingia. Nywila ya kuingilia inakulinda na jirani wa meza, haikulindi na aliyeiba mashine. Kinachomzuia huyo ni kusimba diski nzima kwa LUKS, jambo unaloulizwa siku ya kusakinisha mfumo. Lakini diski iliyosimbwa haina mlango wa nyuma. Ukiisahau nywila ya LUKS, ile inayoulizwa kabla mfumo haujawaka, hatua zote nilizozieleza hazifai kitu, na data haipo tena. Nimemwambia mwalimu mmoja habari hiyo na singependa kurudia. LUKS inaruhusu nywila zaidi ya moja kwa diski moja. Ukiwa bado unaingia, ongeza ya pili kwa sudo cryptsetup luksAddKey na jina la sehemu ya diski, kama /dev/sda3, uiandike kwenye karatasi, karatasi ikae na mtu mwingine.

Kosa langu mwenyewe

Siku moja nilitaka kumruhusu mtumishi wa kituo asimamie printa. Nikaandika:

sudo usermod -G lpadmin zainabu

Printa ikakubali. Kesho yake hakuna aliyeweza kusakinisha chochote. Kila sudo ilijibiwa kwamba mtumiaji hayumo kwenye faili ya sudoers. Nilisahau -a. Bila herufi hiyo moja, usermod haiongezi kundi. Inamwondoa mtu kwenye makundi yake mengine yote ya ziada na kumwacha na hilo moja, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi pekee wa mashine ile. Ilibidi niingie kwa njia ya GRUB niandike ilivyopaswa:

usermod -aG sudo zainabu

Kwenye Fedora kundi hilo linaitwa wheel. Mabadiliko ya kundi hayaonekani mpaka mtu atoke na kuingia tena. Amri ya id zainabu itaonyesha alimo. Na faili ya sudoers isiguswe kwa kihariri cha kawaida. Tumia visudo, ambayo hukagua maandishi kabla ya kuyahifadhi, kwani kosa dogo humo hufunga sudo kwa wote.

Aliyeondoka kazini

Hapa ndipo vikundi vyetu vinapoumia, na si kwa sababu ya ufundi. Akaunti ni moja, nywila ni moja, inajulikana na watu saba na wawili kati yao hawako tena. Pesa zikipotea kwenye hesabu, mashine itasema tu kwamba akaunti ya "ofisi" ndiyo iliyoandika. Kila mtu apewe yake kwa sudo adduser na jina lake. Haina gharama.

Mtu akiondoka, usiifute akaunti yake siku hiyohiyo. Wala passwd -l haitoshi: inafunga nywila tu, na kama ana ufunguo wa ssh ataendelea kuingia. Funga akaunti nzima:

sudo chage -E 0 zainabu

Faili zake zinabaki, yeye haingii. Ukiifuta ovyo kwa deluser, folda yake hubaki lakini ls -l itaonyesha namba, tuseme 1003, mahali palipokuwa na jina. Halafu adduser hutafuta namba ya kwanza iliyo wazi. Mfanyakazi mpya akipewa 1003, faili zote za aliyeondoka zinakuwa zake bila mtu yeyote kukusudia. Kabidhi faili kwanza kwa chown, ndipo ufute.

Kwa yule katibu tulimaliza kwa kufungua akaunti ya pili yenye sudo, isiyotumika siku za kawaida. Nywila yake imeandikwa kwa mkono, kwenye bahasha, ndani ya lile sanduku la pesa lenye kufuli tatu. Waweka funguo ni watu watatu. Nakala ya hesabu za mikopo huingizwa kwenye flashi kila Ijumaa kabla ya mkutano, na flashi hailali chumba kimoja na kompyuta.